Ombi lipite kwenye intaneti, filamu ishuke kwa dishi

Mwezi Septemba 1961, kikosi cha wanajeshi wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa kilizingirwa mjini Jadotville na askari wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo, pamoja na mamluki wa Kizungu. Walikuwa watu wapatao 155, wakiongozwa na Pat Quinlan, na walipigana tangu tarehe 13 hadi tarehe 17, mpaka risasi na maji vilipowaishia wakajisalimisha. Jadotville ndiyo Likasi ya leo. Tukio hilo limetengenezewa filamu, The Siege of Jadotville, iliyoongozwa na Richie Smyth, Jamie Dornan akiigiza nafasi ya Quinlan. Ilirekodiwa Afrika Kusini na kutolewa na Netflix tarehe 7 Oktoba 2016. Ina dakika 108. Mwezi Januari mwaka huohuo Netflix ilikuwa imefungua huduma yake kwa mpigo katika nchi nyingine 130, Kongo ikiwemo. Kwa hiyo, kwenye karatasi, mkazi wa Kikula au wa Panda, mitaa ya Likasi, ana ruhusa ileile ya kuitazama filamu ya mji wake kama aliyonayo mkazi wa Dublin. Kwa vitendo, ruhusa hiyo inapimwa kwa mega zilizobaki kwenye simu.

Tupige hesabu. Netflix yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba saa moja ya filamu yenye picha ya kawaida hula takriban gigabaiti 1, na picha ya ubora wa juu hufikia gigabaiti 3. Filamu ya dakika 108 basi ni gigabaiti zipatazo 2, au zaidi ya 5 kwa anayetaka picha safi kwenye televisheni kubwa. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2024 kwamba zaidi ya Wakongo saba katika kila kumi walikuwa wakiishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Katika nyumba ya namna hiyo mega ni za kuongea kwa WhatsApp na ndugu aliyeko Kolwezi, za kijana anayetafuta kazi, za mtoto anayetafuta masomo. Filamu inakuja mwisho kabisa. Na asiwepo wa kusema kwamba watu hawazihesabu. Ushuru wa RAM, yaani wa rejesta ya simu, uliokatwa kwenye salio la simu kuanzia Septemba 2020 kwa kiasi cha hadi dola 7 kwa mwaka, ulipigiwa kelele Kongo nzima mpaka serikali ikaufuta mwaka 2022. Umma ulioikabili serikali kwa dola 7 za mwaka mzima hautakubali kuunguza gigabaiti 5 kwa jioni moja.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji walitazame kwa makini jambo linalotendeka sasa katika biashara ya televisheni ya satelaiti, kwa kuwa linaamua ni nani atakayelipia mzigo huo. Dekoda ya zamani ilipokea tu: chaneli inarusha, wewe unatazama, ukikosa umekosa. Explora, dekoda iliyotolewa na MultiChoice ya Afrika Kusini mwaka 2013, ilileta utaratibu mwingine. Ina diski ngumu ya terabaiti 2. Sehemu ya diski hiyo mteja anarekodia vipindi vyake. Sehemu nyingine imetengwa kwa ajili ya kampuni, ambayo hushusha humo vipindi na filamu za kukodi kwa njia ya satelaiti, bila mteja kutumia hata mega moja. Ukiiunganisha dekoda hiyo na intaneti, maktaba hupanuka, ukaweza kuchagua na kupakua vitu ambavyo satelaiti haikuvileta. Explora Ultra, iliyotoka Afrika Kusini mwaka 2020, iliongeza Netflix na Showmax ndani ya dekoda yenyewe. Kisha, Juni 2025, Canal+ ya Ufaransa ikatangaza mkataba wa kuwafikishia Netflix wateja wake katika nchi 24 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Na Septemba mwaka huo Canal+ hiyohiyo ikachukua udhibiti wa MultiChoice. Ujuzi wa kujaza diski kwa satelaiti, maktaba ya filamu za Kifaransa na mlango wa Netflix sasa viko mkononi mwa nyumba moja.

Hoja yangu ni hii: kwa mji kama Likasi, dekoda iliyounganishwa na intaneti itakuwa na faida iwapo intaneti itabeba kilicho chepesi tu, yaani ombi la mteja, malipo na ujumbe, na mzigo mzito wa filamu ukashuka kwa satelaiti na kukaa kwenye diski. Ikiwa kinyume chake, kwamba dishi linabaki la chaneli na kila filamu ya kuchagua inapakuliwa kwa mega za mteja, basi mteja atalipa abonema kwa kampuni ya televisheni, kisha alipe mara ya pili kwa kampuni ya simu ili apate kile ambacho dishi lililo juu ya bati lake lingeweza kumletea bila nyongeza. Satelaiti ni mvua inayonyesha juu ya mapaa yote kwa wakati mmoja. Intaneti ni maji ya bidoni, kila mmoja anabeba yake. Nyumba 1,000 za Likasi zikipakua filamu ileile ya gigabaiti 2 kwa intaneti, ni gigabaiti 2,000 zinazopita katika njia zilezile na kulipiwa na nyumba 1,000. Zikipokea kwa dishi, ni gigabaiti 2, zimerushwa mara moja, na nyumba ya 1,001 haiongezi gharama ya kurusha hata senti.

Kuna watakaosema nafasi ya satelaiti ni ghali, haiwezi kupotezwa kwa kurusha filamu ambazo pengine hakuna atakayezitazama. Ni kweli ni ghali, lakini usiku wa manane sehemu yake kubwa hubeba marudio. Chukua megabiti 10 tu kwa sekunde, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni gigabaiti 22.5 kwa usiku mmoja, yaani filamu 11 za picha ya kawaida, au filamu 78 kwa juma. Likasi ina msimu mrefu wa mvua, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya satelaiti, kwa hiyo haifai kurusha mara moja na kuondoka. Mafundi wana njia yao: filamu hukatwa vipande vidogo vyenye namba, vipande hivyo hurushwa kwa mzunguko, na dekoda iliyokosa vipande kadhaa leo huvijaza kesho vinaporudi. Hata kila filamu ikirushwa mara tatu, zinabaki filamu 26 mpya kila juma. Na hapo ndipo intaneti inapopata kazi inayolingana na uwezo wetu: vikibaki vipande vichache ambavyo havikuingia, dekoda iviombe hivyo tu kwa simu, megabaiti chache badala ya gigabaiti mbili.

Suala la umeme linaipa hoja hii nguvu kuliko jambo lolote jingine. Likasi iko karibu na mabwawa ya umeme kuliko miji mingi ya Kongo. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi mwaka 1930; la Koni likafuata mtoni humohumo mwaka 1950. Mitambo sita ya Mwadingusha imekarabatiwa miaka hii na SNEL kwa ushirikiano na wenye mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, na sasa ina uwezo wa megawati 78. Hata hivyo migodi na viwanda hunywa umeme mwingi, na mitaa hubaki na delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu. Sasa fikiria kinachotakiwa ili filamu itazamwe moja kwa moja mtandaoni: umeme uwepo nyumbani, mnara wa simu uwe unafanya kazi, mega ziwepo, na kasi isishuke, vyote vinne kwa wakati uleule, kwa muda wa dakika 108 mfululizo. Kwenye laini ya megabiti 2 kwa sekunde, filamu ya gigabaiti 2 huchukua saa mbili na dakika 13 kufika, maana yake picha itakuwa inasimama na kuanza, kusimama na kuanza. Diski huvunja kifungo hicho. Filamu inaingia saa nane usiku umeme ukiwepo, inatazamwa Jumapili mchana umeme ukirudi. Anayeuliza itakuwaje umeme ukikatika usiku uleule wa kushusha, jibu lake ni ule mzunguko wa vipande, pamoja na ukweli kwamba dekoda hula umeme mdogo kuliko televisheni. Betri ya sola ya nyumbani inatosha kuiacha macho wakati televisheni imezimwa. Na tusisahau kwamba tabaka la sumaku ndani ya diski ngumu hutengenezwa kwa aloi ya kobalti. Mji ambao viwanda vyake vya Shituru vimetoa shaba na kobalti kwa vizazi kadhaa haupaswi kuambiwa kwamba diski ni anasa ya watu wa mbali.

Bei ya diski hiyo ni pingamizi la haki, na silipuuzi. Dekoda ya terabaiti 2 si ya kila nyumba. Lakini si lazima iwe terabaiti 2. Dekoda nyingi za bei nafuu tayari zina tundu la USB, na kijiti cha gigabaiti 64 kinabeba filamu 32 za picha ya kawaida. Kampuni inaweza kufunga filamu hizo kwa ufunguo wa dekoda husika ili zisinakiliwe ovyo. Ufundi huo upo tayari. Kinachokosekana ni kampuni kuamua kwamba mteja wa Likasi anastahili kufikiriwa jinsi anavyoishi, badala ya kuletewa masanduku yaliyobuniwa kwa ajili ya nyumba zenye intaneti isiyo na kikomo.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru wa kuchagua. Ukisema satelaiti ijaze diski, umempa mwenye satelaiti mamlaka ya kukuchagulia, na hapo si filamu ya kuagiza tena, ni chaneli iliyofichwa ndani ya sanduku. Nakubali hatari hiyo ipo. Ndiyo sababu sisemi dekoda isiunganishwe na intaneti. Naomba iunganishwe, ili sauti ya mteja ipande juu. Ombi la filamu ni kilobaiti chache; hata simu yenye mega za kuhesabu inalituma. Maombi ya Likasi, Kolwezi, Lubumbashi na Kipushi yakikusanywa mchana, yale yenye watu wengi yanarushwa usiku. Mteja anasubiri mpaka kesho, ni kweli, lakini mwenye delestaji amezoea kupanga kesho yake. Filamu anayoitaka mtu mmoja pekee, hiyo basi aipakue kwa mega zake akipenda. Na sehemu ya diski itengwe kwa kazi za nyumbani, zisizosubiri wingi wa kura. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata tuzo mjini Cannes mwaka 2023 kwa filamu yake Augure, ambayo Kiswahili kinasikika ndani yake. Lubumbashi ina maonyesho yake ya sanaa ya kila miaka miwili, yaliyoanzishwa na kituo cha Picha mwaka 2008, na vijana wanaopiga picha za video wapo. Gigabaiti 10 za kazi za Katanga ni tone ndani ya diski hiyo. Kwa mtengenezaji wa Likasi, ni kuingia sebuleni kwa watu wake kwa mara ya kwanza.

Wapo watakaoniambia kwamba watu wameshajitatulia. Anayetaka filamu anapeleka kadi ya memori au kijiti chake cha USB kwenye kibanda, anajaziwa filamu kwa bei ndogo, anatazama umeme ukiwepo au kwenye simu ukikosekana. Hii ni kweli kabisa, na kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko yote kwamba umma umeshachagua njia ya kuhifadhi kwanza na kutazama baadaye. Kuba walifika hapohapo: kwa miaka mingi diski yenye takriban terabaiti moja ya filamu na vipindi, wanayoiita El Paquete, imekuwa ikisambazwa kila juma toka mkono hadi mkono. Ila kibanda kina mapungufu mawili. Aliyetengeneza filamu hapati kitu, na hilo linamuumiza zaidi msanii wa Kongo kuliko studio ya Hollywood, kwa sababu studio ina masoko mengine na msanii wetu hana. Pili, mnunuzi hajui anachopewa: nakala imekatika, sauti haiendani na midomo, au kijiti kimerudi na virusi. Kibanda hakitashindwa kwa askari wala kwa vitisho. Kitashindwa na huduma halali iliyo rahisi kama yake, na filamu iliyokwisha kulala ndani ya dekoda ndiyo iliyo karibu zaidi na urahisi huo.

Je, si bora tusubiri intaneti ya kasi? Mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliyoipiga marufuku Starlink Machi 2024, iliipa kibali Mei 2025, na nyaya za fibre zinaendelea kusogea. Nafurahia hatua hizo, na shule na hospitali za Likasi zinazihitaji kuliko televisheni inavyozihitaji. Lakini tuangalie waliotutangulia walivyofanya. Nchini Uingereza, ambako intaneti ya majumbani ilikuwa imeenea kuliko kwetu leo, kampuni ya televisheni ya satelaiti ya Sky ilianza mwaka 2007 kwa kushusha vipindi usiku kwa satelaiti kwenye diski za dekoda. Ni mwaka 2010 tu ndipo ikaanza kupitisha maktaba yake kwenye intaneti ya majumbani. Hawakumwambia mteja asubiri miaka, wala hawakumtwisha mzigo kabla njia haijawa tayari. Afrika tunao mfano wa upande wa pili. Jason Njoku wa Nigeria, mwanzilishi wa iROKOtv mwaka 2011, alielewa mapema kwamba kutazama moja kwa moja ni ghali mno, akaifanya programu yake ya simu kuwa ya kupakua. Mwaka 2020 alitangaza kupunguza shughuli zake Afrika na kuwaelekea Waafrika walio Marekani na Ulaya. Filamu zilikuwepo na wapenzi wa Nollywood walikuwepo. Ila filamu ya kupakuliwa iliendelea kubebwa na mfuko wa data wa mtazamaji. Kupakua peke yake hakutoshi ikiwa njia ni ileile ya kulipia kwa mega.

Na intaneti ina udhaifu mwingine tunaoujua Wakongo kwa uzoefu. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku 20. Na Januari 2015 ilikuwa imezimwa pia wakati wa maandamano. Sitaki kuilinganisha burudani na haki za raia zilizovunjwa siku zile. Nasema tu kwamba filamu iliyokwisha kuingia kwenye diski haihitaji ruhusa ya mtu kutazamwa.

Yako mambo mawili ambayo wateja, vyama vya kutetea walaji na wakubwa wa ARPTC wanaweza kuyadai tangu sasa. La kwanza ni lugha. Canal+ imewapa wasemaji wa Kilingala chaneli yao, Maboke TV, na imefanya vyema. Kiswahili nacho ni lugha ya taifa, na kazi ya kuingiza sauti haianzi leo: mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na Azam TV imezoea kazi hiyo kwa tamthilia za nje. Sauti ya filamu ya saa mbili, kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, ni megabaiti 115 tu. Filamu ikishushwa mara moja kwa satelaiti ikiwa na Kifaransa, sauti ya Kiswahili inaweza kufuatana nayo bila kuongeza mzigo wa maana, na mama wa Shituru asiyejua Kifaransa akatazama na wanawe bila mkalimani. La pili ni uwazi. Kabla mteja hajabonyeza kitufe cha kupakua, kioo kimwonyeshe filamu hiyo itakula mega ngapi, na kimwambie kama ipo kwenye orodha ya kushushwa bure usiku huo au juma hilo. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 inaiweka ARPTC kuwa msimamizi wa sekta ya mawasiliano. Inaweza kuweka sharti hilo kwa kila dekoda yenye intaneti itakayouzwa nchini, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni sasa, kabla masanduku hayo hayajajaa madukani Lubumbashi na Likasi na watu kuanza kukatwa mega wasizojua zimekwenda wapi.